Mtandao wa Saa Saba na Nusu

Kila nilipofungua kompyuta, wa kwanza kunikaribisha alikuwa marehemu. Mdogo wangu ndiye aliyenunua ruta ya nyumba ile, kile kisanduku cha kutoa intaneti, na siku ya kuufungua mtandao akaupa jina lake la machimboni, lile walilomwita wachimbaji wenzake kule Geita na ambalo mama hakutaka kulisikia mezani kwake. Sasa amekufa, tumemzika, matanga bado hayajaanuliwa, na mimi nabonyeza jina lake na kompyuta inaniandikia kwamba tumeunganishwa. Siku za mwanzo nilikuwa nageuza uso nikibonyeza. Baadaye nikajiambia nimezoea.

Nilikuwa nimerudi kwetu Didia kukaa na mama. Tulizaliwa wawili tu, na mdogo wangu alifukiwa na kifusi ndani ya shimo walilokuwa wakichimba dhahabu. Wenzake walimtoa siku hiyo hiyo, wakamleta wenyewe mpaka nyumbani, na begi lake la nguo likaja pamoja naye. Mimi nilikuwa karani kwenye duka la pampu mjini Geita. Mwajiri wangu alinipa ruhusa mpaka mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ulikuwa unakuja mbio. Wakati huohuo mama alikuwa anapakua sahani tatu. Alikuwa anabandika sufuria jikoni, anatoka kwenda kumwagilia mchicha, anasahau, tunaletewa habari na moshi. Mtu wa hivyo humwachi peke yake.

Nikatafuta kazi ya kufanyia nyumbani nikaipata nusu. Kulikuwa na watu wa mbali waliotaka walimu wa kufundisha Kiswahili wageni kwa njia ya video. Walinipa somo la majaribio. Nikavaa blauzi nzuri, nikajipaka mafuta, nikaanza kumfundisha mama mmoja wa kizungu kusalimia. Nilipofika kwenye shikamoo picha ikaganda, na iliganda nikiwa nimeachama. Dakika nne nzima yule mama alikaa anatazama meno yangu. Nilitamani ardhi ipasuke. Wakaniandikia kwa adabu kwamba wananipa nafasi ya pili na ya mwisho, Alhamisi saa tatu asubuhi, ila nihakikishe mtandao wangu una kasi. Nikiipata kazi, nakaa na mama. Nikiikosa, Jumatatu napanda basi narudi Geita, na mama anabaki na kuku na kaburi.

Kwa hiyo nikaanza vita na kile kidude.

Nieleze. Kompyuta yangu ilikuwa imeharibika waifai ya ndani, basi nilikuwa nimenunua adapta ya USB, kidude cheusi kidogo kama punje ya muhindi, unakichomeka ubavuni mwa kompyuta kinakunasia mtandao. Kilikuwa kinanasa, sikatai. Kinanasa kijistari kimoja, na kasi yenyewe unapima unaambiwa megabiti moja, mara nusu, mara hakuna. Nikakihamisha tundu. Nikakitoa tundu la kushoto nikakitia la kulia, lile la buluu ambalo husemwa lina kasi zaidi. Nikazima ile alama inayoiruhusu kompyuta kukinyima umeme ili kuokoa betri. Nikasoma kwamba kompyuta yenyewe hukizibia kikikaa ubavuni, nikanunua waya wa kurefusha, nikakining'iniza kwenye msumari wa kalenda juu kabisa, kikawa kinabembea pale kama hirizi. Wapi! Mama akapita akakitazama, akanitazama mimi, akaendelea na safari yake.

Jumamosi nikabeba kila kitu nikaenda Shinyanga mjini kwa mwenye duka aliyeniuzia. Ni mzee wa Kihindi, babu yake alizikwa hapohapo mjini, na Kisukuma chake kinanizidi. Nikamwamkia shikamoo kwa sauti ya mtu aliyekuja kugombana.

"Marahaba, mwanangu. Kimekufa?"

"Hakijawahi kuishi, mzee wangu."

Akakichomeka palepale kwenye kompyuta yangu, juu ya kaunta ya kioo, akaunganisha na mtandao wa duka. Kikaruka. Megabiti thelathini na kitu, video inakimbia bila kukohoa. Nikaona aibu. Akanisaidia hata kuweka ile programu ndogo ya kukiendesha, toleo jipya, ili nisipate kisingizio.

"Kidude kizima hiki. Ugonjwa uko nyumbani kwako. Ruta umeiweka wapi?"

"Iko dirishani, chumbani kwa mdogo wangu."

"Umeiona juzi juzi?"

"Mzee, dirisha ni lilelile na ukuta ni mmoja tu katikati. Itakwenda wapi?"

Akanirudishia kidude changu. Sikumwambia kwamba tangu mazishi nilikuwa sijaingia chumba kile. Mtu mwenye akili zake angeanza na kuitazama ruta yenyewe, hilo nalijua, wala sihitaji kuambiwa. Lakini mlango ule ulikuwa umefungwa, ufunguo mama alikuwa ameutia kwenye uzi shingoni, na mimi nilikuwa naogopa. Niliogopa viatu vyake. Nilihisi nikiviona tu vimekaa chini ya kitanda, viwili, nitaanza kulia na sitaweza kunyamaza. Basi nikawa napita pale ukumbini nikiupa mlango mgongo, na nikaendelea kukilaumu kidude.

Siku ya kuja nyumbani kwenye msiba nilikuwa nimepiga simu nikiwa bado njiani, nikamwambia shangazi jambo moja: kile kisanduku cha intaneti kisizimwe, nitakihitaji. Kwa hiyo nilijua hakijazimwa. Na kweli hakikuzimwa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe lililonitoa usingizi mchana kweupe. Nilikuwa nimeanza kupima kasi kila baada ya nusu saa na kuandika kwenye daftari, nikitafuta mpangilio. Asubuhi, moja. Saa nne, nusu. Saa sita, moja. Saa saba na nusu, kumi na nane.

Nikafikiri kompyuta imekosea. Nikapima tena, kumi na tisa. Nikafungua video, ikaja safi kabisa. Nikapiga vigelegele kimoyomoyo, nikamwandikia rafiki yangu kwamba nimeshinda. Haikupita robo saa, kasi ikaanguka puu, ikarudi nusu.

Siku ya pili nikakaa naisubiri. Saa saba na nusu, ikapanda. Siku ya tatu vilevile. Haikuwa saa saba, wala saa nane. Na hapo ndipo nilipokumbuka. Saa saba na nusu ndiyo saa aliyokuwa anapiga simu. Miaka yote aliyokaa machimboni, zamu ya asubuhi ikitoka shimoni anaoga uso, anakula, anampigia mama kwa video kupitia mtandao huohuo aliomnunulia. Mama alikuwa anaacha ugali wake upoe ili azungumze naye. Robo saa tu, halafu anarudi chini.

Mimi nina cheti. Nimesoma, nimekaa mjini, na nikisikia watu wanaongea habari za mizimu huwa nakunja midomo. Lakini naapa, siku ile nywele zilinisimama. Nilitazama ile namba inapanda na nikasema kwa sauti, peke yangu sebuleni, "Ni wewe?" Kisha nikasubiri kama mjinga. Jina lake lilikuwa pale pale pembeni ya kioo, na vile vistari vya mtandao vimejaa vyote. Nikamwambia mambo. Nikamwambia mama hali vizuri. Nikamwambia anisamehe kwa zile simu zake ambazo sikupokea kwa sababu nilikuwa na wateja. Nikamwomba Alhamisi asubuhi anisaidie, anipe nusu saa tu, hata kama si saa yake. Vistari vikaanza kupungua kimoja kimoja, na mimi nikawa nalia kama mtu anayeagwa stendi.

Mama nilimficha. Kila baada ya chakula cha mchana alikuwa anasema anakwenda kujinyoosha, nami nilishukuru kwamba hayupo kuyaona hayo.

Jumatano, siku moja kabla ya jaribio, nikaamua nitamfuata mdogo wangu. Sijui nilifikiri nitakuta nini. Ilipogonga saa saba na nusu, kasi ikaruka, nikainua kompyuta mikononi na kidude chake na waya wake, nikaanza kutembea nayo nikitazama namba. Kuelekea jikoni ikashuka. Nikageuka. Kuelekea ukumbini ikapanda, ishirini, ishirini na tano. Nilivyozidi kuusogelea mlango wa chumba chake ndivyo ilivyozidi kupanda. Mlango haukuwa umefungwa. Nikausukuma kwa kiwiko.

Mama alikuwa amepiga magoti sakafuni mbele ya lile sanduku la bati alilokwenda nalo shule mdogo wangu, sanduku la buluu lenye kufuli. Kifuniko kiko juu. Kichwa chake kilikuwa ndani, kimezama katikati ya mashati na jaketi la kazini. Na kando ya shavu lake, juu ya suruali iliyokunjwa, ilikaa ruta, taa zake za kijani zinawaka na kuzima, waya wake umepenya chini ya bawaba na kwenda ukutani.

"Mama!"

Akashtuka akajipiga kichwa kwenye kifuniko. "Wewe nawe! Huwezi kubisha hodi?"

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilikaa chini pale mlangoni na kompyuta mapajani, nikacheka mpaka mbavu zikauma, halafu kile kicheko kikageuka chenyewe. Maana nilikuwa nimeelewa yote mara moja. Shangazi, siku ya mazishi, alikuwa amekusanya vitu vyote vya marehemu, isipokuwa viatu visivyoenea, akavitia sandukuni, kama ilivyo desturi, vitulie humo visiguswe mpaka wazee wakae wavigawe. Ruta ni kitu cha marehemu, kwa hiyo iende sandukuni. Mimi nimeagiza isizimwe, kwa hiyo isizimwe. Amri zote mbili amezitii, hajavunja hata moja, akapitisha waya chini ya bawaba na kufunga kufuli. Bati pande zote sita! Ruta haisikii mnara, na mimi siisikii ruta, na humo ndani imefunikwa na jaketi inachemka. Nilipoigusa nusura iniunguze kidole. Na mimi nimekaa wiki nzima naning'iniza vidude kwenye misumari na kuzungumza na hewa.

"Unalia nini sasa?" mama akauliza.

"Silii. Mama, wewe unakuja humu kila siku?"

Akajifunga upya kanga, akawa anapanga mashati ambayo hayakuhitaji kupangwa. "Saa yake ya kupiga simu," akasema. "Ningekaa wapi?"

Nikaichukua ruta nikitaka kuitoa. Akanishika mkono, na mama yangu akikushika mkono unajua umeshikwa.

"Irudishe."

"Mama, ni plastiki hii. Naiweka dirishani tu, ilipokuwa."

"Ni yake. Haitoki mpaka wazee wakae."

"Watakaa lini? Baada ya mavuno? Jaribio langu ni kesho saa tatu!"

"Basi liwe."

Hasira zikanipanda. Nikasema mengi, na baadhi yake sikupaswa kumwambia mama yangu. Nikamwambia aliyekufa amekufa, hatapungukiwa na kitu, lakini mimi niliye hai Jumatatu napanda basi. Nikampigia shangazi simu mbele yake, nikampa maneno. Shangazi akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Kwani ilizimika?" Nikakata.

Mama akaichukua ruta, akairudisha ndani. Akafunga sanduku, kasi ikaanguka nikiitazama.

Alhamisi asubuhi alinikuta nimekaa mbele ya kompyuta, blauzi ile ile, kijistari kile kile kimoja. Akasimama mlangoni. "Kisanduku hakitoki," akasema. "Lakini sanduku nitalifungua. Utalitaka wazi kwa muda gani?"

"Nusu saa. Labda saa nzima."

"Saa nzima," akarudia, polepole. Akaenda kulifungua.

Mtandao ukaja, lakini baada ya muda mfupi ukaanza kuyumba. Nikaingia kutazama, na ugonjwa nikaujua papo hapo: joto. Ruta ilikuwa imelala juu ya zile nguo kama kuku anayeatamia, haipati hewa, inachemka na kupunguza kasi yenyewe. Safari hii sikusumbuka kufikiri, nilikuwa fundi sasa. Nikafungua dirisha lote. Nikaleta feni ya sebuleni, nikaiweka juu ya kiti, nikaielekeza ndani ya sanduku, nikabonyeza namba tatu. Mashati yakaanza kupeperuka kola. Mama alikuwa amekaa kitandani, mikono mapajani. Akafungua mdomo kama anayetaka kusema jambo.

"Nini, mama?"

"Hapana. Nenda kafanye kazi yako."

Wale watu wakachelewa. Yule mama wa kizungu akaandika kwamba anaomba radhi, saa nne. Saa nne akaja, tukafundishana, nikafika kwenye shikamoo na kupita salama, marahaba, nikafika mpaka kwenye majina ya wadudu. Video haikuganda hata mara moja. Akaniambia nisiondoke, mkubwa wake anataka kunisikia. Mkubwa akaja saa tano na nusu, akanipenda, akanieleza taratibu za kazi moja baada ya nyingine. Mpaka namaliza, saa sita ilikuwa imepita. Kazi nimepata. Kuanza, Jumatatu ile ile ambayo ningepanda basi.

Nilikimbia chumbani. Sikuviogopa tena viatu, nilivikanyaga. "Mama! Nimepata! Siendi popote, nakaa hapa hapa!"

Feni ilikuwa bado inaunguruma. Mama alikuwa amepiga magoti, ameshika lile jaketi la kazini amelikandamiza usoni. Akalishusha. Akachukua shati la mistari, akalinusa, akaliweka chini. Akachukua jingine. Nguo zilizorudi na begi kutoka Geita hazikuwa zimefuliwa. Alikuwa amekataa zisifuliwe, na mimi nilikuwa nimedhani ni ukaidi wa msiba. Nilikuwa pia nimejiuliza kwa nini anakaa humo robo saa tu kila siku, halafu anafunga. Sikujiuliza tena. Alikuwa anaibana harufu yake. Alikuwa anajipimia kidogo kidogo, ili imfikishe mbali.

"Hongera, mwanangu," akasema. Kisha akaninyooshea shati la mistari. "Hebu nusa na wewe. Mimi nahisi nina mafua."

Nikalichukua. Nikaliweka puani nikavuta pumzi mpaka kifua kikauma. Kulikuwa na harufu ya vumbi la barabarani lililoingia dirishani, na ya bati. Nikalivuta tena, kwapani, kwenye kola. Hakukuwa na mtu.

"Ipo, mama," nikasema.

Akanitazama usoni. Akalipokea shati, akalikunja vizuri, akalilaza juu ya yale mengine.

"Haya," akasema. "Sasa zima hiyo feni."